Maji ya Pasifiki, baridi ya Aktiki: kisa cha theluji ya Washington, 2009–2010

Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilipofunguliwa Vancouver, Kanada, tarehe 12 Februari 2010, waandaaji walikuwa wanahangaika kutafuta theluji. Katika Mlima Cypress, kando ya jiji, theluji ililetwa kwa malori na helikopta, na chini ya njia za mashindano yalitandikwa marobota ya majani makavu ili kile kidogo kilichopatikana kitoshe kujenga miinuko. Januari iliyotangulia ilikuwa yenye joto kuliko Januari zote katika kumbukumbu za jiji hilo.

Wiki hiyohiyo, upande wa pili wa bara, Washington ilikuwa imefukiwa. Ofisi za serikali kuu zilifungwa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Treni za Metro zilipita kwenye mahandaki tu, kwa sababu nje ya mahandaki reli ya tatu, ile inayobeba umeme, ilikuwa imefunikwa. Watu walishinda na mabeleshi mikononi wakitafuta magari yao chini ya vilima vyeupe, na wengi wa ndugu zetu wanaoishi Maryland na Virginia walikuwa miongoni mwao.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kimesimuliwa mno kwa neno moja: El Niño. Ni kweli, El Niño ilikuwapo, na bila hiyo sidhani kama hesabu zingefika zilipofika. Lakini bahari ilileta maji, na baridi ya kuyagandisha maji hayo ilitoka kwingine kabisa. Asiyeitenganisha mikono hii miwili hatakielewa kisa hiki, wala msimu mwingine wowote unaotangazwa kuwa wa El Niño.

Kwanza tujue kilichoanguka. Theluji rasmi ya Washington hupimwa kwenye uwanja wa ndege wa Reagan, ukingoni mwa mto Potomac. Kipimo chenyewe ni cha kawaida sana: ubao mweupe unalazwa mahali pa wazi, mpimaji anasimamisha rula juu yake, anaandika kimo, kisha anaufagia na kuulaza upya juu ya theluji iliyokwisha kuanguka. Kanuni ni kwamba ubao usifagiliwe zaidi ya mara moja kila saa sita, maana theluji hujishindilia kwa uzito wake yenyewe. Ukiufagia kila saa utajikuta na jumla kubwa kuliko ya mwenzako aliyefuata utaratibu, hali dhoruba ni ileile. Nalitaja hili kwa sababu rekodi nyingi ninazozitumia hapa zinasimama juu ya ubao wa namna hiyo.

Msimu wa 2009–2010, ubao wa Reagan ulijumlisha inchi 56.1, yaani kama sentimita 142. Wastani wa hapo wakati huo ulikuwa kama sentimita 39. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya majira ya baridi ya 1898–1899. Uwanja wa Baltimore ulipata inchi 77, karibu mita mbili, na Philadelphia ikapita kidogo: inchi 78.7. Miji yote mitatu iliweka rekodi mpya ya msimu mzima, na sehemu kubwa ya kiasi hicho ililetwa na dhoruba tatu tu.

Ya kwanza ilifika kabla ya Krismasi, tarehe 18 na 19 Desemba, ikaacha zaidi ya sentimita 40 Washington na karibu 60 Philadelphia. Ya pili, ya tarehe 5 na 6 Februari, ndiyo ambayo Rais Obama mwenyewe aliiita “Snowmageddon” mbele ya wanachama wa chama chake. Uwanja wa Dulles, magharibi mwa jiji, ulipima inchi 32.4, sentimita 82. Reagan, penye joto zaidi kwa kuwa ni bondeni na karibu na maji, ulipima 45. Ya tatu ilikuja tarehe 9 na 10, theluji ya awali ikiwa bado imelala barabarani, safari hii na upepo mkali kiasi kwamba baadhi ya magari ya kusukuma theluji yaliondolewa njiani kwa kuwa madereva hawakuona mbele.

Dhoruba ya tarehe 5 na 6 inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana tabia ya theluji yake inaonyesha ilikotoka. Haikuwa ile ya unga mkavu inayopeperuka ukiipuliza. Ilikuwa ya majimaji, nzito, inayong'ang'ania kila kitu: matawi, nyaya, kuta, paa. Kwa makadirio ya kawaida, sentimita kumi za theluji zikiyeyuka hutoa sentimita moja ya maji. Basi sentimita 80 juu ya paa ni kilo 80 kwa kila mita ya mraba, na theluji yenye maji mengi huzidi hapo. Ndiyo maana paa la banda la ndege liliporomoka Dulles, na ndiyo maana mamia ya maelfu ya wateja walikaa gizani baada ya miti kuangukia nyaya. Hewa ya Aktiki haibebi maji mengi kiasi hicho. Ni kavu mno. Maji yale yalikuja kutoka kusini.

Na kusini huko ndiko Pasifiki inakoingia.

Kwa kawaida pepo za tropiki katika Pasifiki huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi na kulisukuma tabaka la maji ya moto kuelekea Indonesia. Pepo hizo zikilegea, maji ya moto hurudi nyuma, yakajikusanya katikati na mashariki ya bahari: hiyo ndiyo El Niño. Kuelekea mwisho wa 2009, eneo la katikati ya Pasifiki lilikuwa na joto la kama nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya wastani. Kwa mtu anayeoga ufukweni nyuzi hizo ni kidogo. Kwa bahari yenye upana wa theluthi moja ya dunia ni nishati ya ajabu. Mawingu makubwa ya mvua huyafuata maji ya moto, nayo yanapomwaga mvua huachia joto juu angani. Joto hilo hubadilisha njia ya mkondo wa upepo unaokimbia kilomita kumi hivi juu yetu, ule unaoziongoza dhoruba kutoka magharibi kwenda mashariki.

Katika majira ya baridi ya El Niño, tawi la kusini la mkondo huo huimarika na kushuka. Dhoruba ambazo zingeingia Kanada au kaskazini-magharibi mwa Marekani hupitia California, kaskazini mwa Meksiko, Texas, kisha Ghuba ya Meksiko, ambako hunywa maji ya kutosha kabla ya kugeukia pwani ya Carolina. Hapo, penye mpaka kati ya bara la baridi na mkondo wa maji ya moto wa baharini uitwao Mkondo wa Ghuba, mgandamizo mdogo wa hewa huzaliwa upya au hupata nguvu mpya. Vancouver nayo hubaki na hewa laini ya kusini-magharibi itokayo baharini. Kwa hiyo malori ya Cypress na mabeleshi ya Washington yana chanzo kimoja.

Hadi hapa maelezo yanaridhisha, na wengi huishia hapa. Lakini chukua msimu wa 1997–1998. El Niño ya mwaka huo ilikuwa kubwa kuliko ya 2009 kwa mbali, ni moja ya zile kubwa zilizowahi kupimwa. Dhoruba za kusini zilipita njia ileile na mvua ilinyesha sana pwani ya mashariki. Theluji ya Reagan kwa msimu mzima? Inchi 0.1. Milimita mbili na nusu. El Niño kubwa ya 1972–1973 ilitoa inchi 0.1 vilevile. Kama El Niño peke yake ingekuwa ndiyo siri ya theluji ya Washington, misimu hiyo miwili ingekuwa ya kuzika jiji. Maji yalifika, lakini yalifika kama mvua. Hewa juu ya pwani ilikuwa ya moto mno, na Washington imekaa pabaya kwa mambo haya: iko karibu na bahari, ng'ambo ya milima ya Appalachia, mahali ambapo mpaka kati ya mvua na theluji mara nyingi hupita katikati ya vitongoji vyake. Nyuzi mbili tu za Selsiasi hugeuza sentimita 40 za theluji kuwa mvua ya kulowesha viatu.

Basi baridi ya 2010 ilitoka wapi? Ilitoka kaskazini, ikasukumwa na hali nyingine ya anga ambayo wataalamu huipima kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa wa Iceland na ule wa visiwa vya Azores. Huitwa kwa kifupi NAO (North Atlantic Oscillation). Kwa kawaida mgandamizo ni mdogo Iceland na mkubwa Azores. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, upepo wa magharibi hukimbia moja kwa moja kuvuka Atlantiki na hewa ya Aktiki hubaki kwao. Tofauti ikipungua au kugeuka, mgandamizo mkubwa hujenga kambi juu ya Greenland. Mkondo wa juu huukwepa kama maji ya mto yanavyokwepa mwamba, ukashuka kusini, na hewa ya Aktiki humwagika juu ya mashariki ya Marekani na kaskazini mwa Ulaya.

Majira yale NAO ilikuwa hasi, yaani tofauti hiyo ilikuwa chini ya kawaida, karibu muda wote, na si kwa kiasi kidogo. Kipimo ndugu, kinacholinganisha mgandamizo wa hewa wa Aktiki nzima na wa maeneo yaliyo kusini yake, kilishuka Februari 2010 hadi -4.27, chini kuliko mwezi mwingine wowote tangu hesabu zake zianze mwaka 1950. Uingereza ilikuwa na majira ya baridi makali kuliko yote tangu 1978–1979. Tarehe 7 Januari setilaiti iliipiga picha Britania yote ikiwa nyeupe kutoka Scotland hadi pwani ya kusini. Wakati huohuo Kanada, nchi ambayo jina lake tu linatufanya tutafute koti, ilikuwa katika majira ya baridi yenye joto kuliko yote hadi wakati huo, tangu kumbukumbu zake za kitaifa zianze mwaka 1948. Hili naliona kuwa kiini cha kisa kizima. Baridi ile haikuwa mpya duniani. Ilihamishwa: ikatoka Aktiki na kaskazini mwa Kanada, ikapelekwa Virginia, Scotland na Ujerumani, na pengo lake likajazwa na hewa ya joto.

Mwamba wa Greenland haukuleta baridi tu, uliziamulia pia dhoruba mwendo na mwisho wa safari. Bila kizuizi, dhoruba ya pwani hupanda haraka kuelekea New England, ikivuta hewa ya bahari nchi kavu. Tarehe 6 Februari ilishindwa kupanda. Philadelphia ilipata inchi 28.5. New York, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, haikupata theluji ya kuweka rula. Dhoruba ilikuwa imegeuzwa kuelekea baharini. Mtu aliyesimama kati ya miji hiyo miwili angevuka kutoka theluji ya mapajani hadi nyasi kavu ndani ya safari moja fupi. (New York ilipata zamu yake mwishoni mwa mwezi huohuo, inchi zaidi ya 20 kwa dhoruba moja.)

Maumbile yalitupatia jaribio la kinyume mwaka uliofuata, na ni bahati kubwa kwa anayetaka kuelewa. El Niño ilikufa masika ya 2010, na La Niña, hali ya kinyume ambapo maji hayo ya Pasifiki hupoa, ikashika nafasi yake kabla mwaka haujaisha. Kizuizi cha Atlantiki kikarudi: Desemba 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Washington nayo ilikuwa na baridi ya kutosha. Iliyokosekana ni njia ya kusini ya dhoruba. Mara nyingi dhoruba zilikuwa zinakomaa zikiwa zimeshaipita na kwenda kuzimwagia New York na Boston. Ile ya siku baada ya Krismasi iliikosa Washington kabisa. New York ilimaliza msimu na inchi 61.9. Reagan: 10.1.

Weka misimu hii pamoja: maji bila baridi, 0.1, baridi bila njia ya maji, 10.1, vyote viwili, 56.1. Misimu michache haithibitishi kanuni, lakini wanasayansi wa Lamont-Doherty katika Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Richard Seager, walipitia kumbukumbu za miongo mingi na kuchapisha mwaka 2010 hitimisho linaloelekea hukohuko: El Niño na NAO hasi, vikikutana, ndivyo vilivyoeleza kwa sehemu kubwa mtawanyiko wa theluji ya majira yale.

Je, NAO nayo inaendeshwa na bahari? Hapa natofautiana na wanaopenda kuifungasha kila kitu katika “mizunguko ya bahari”. El Niño ni ya bahari na anga kwa pamoja, na bahari ndiyo inayoipa kumbukumbu ya miezi. Maji ya moto hayapoi kwa wiki moja. NAO kwa sehemu kubwa ni msukosuko wa anga lenyewe, na inaweza kubadilika ndani ya siku kumi. Bahari huigusa kwa pembeni. Joto la maji ya Atlantiki ya Kaskazini huielekeza kidogo. El Niño nayo huifikia kwa njia ya juu kabisa, katika stratosfia: mawimbi makubwa ya hewa hupanda kutoka Pasifiki ya Kaskazini, yakadhoofisha kizunguzungu cha upepo baridi kinachozunguka ncha ya dunia, na wiki kadhaa baadaye athari hushuka chini kama NAO hasi. Ndiyo maana nusu ya pili ya majira ya baridi ya El Niño huelekea kuwa na hali hiyo zaidi ya nusu ya kwanza. Lakini Desemba 2009 NAO ilikuwa tayari iko chini sana, mapema kuliko njia hiyo inavyoeleza. Sehemu kubwa ya kizuizi kile ilikuwa ni anga kufuata tabia yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hili haraka, maana tumelipitia kwa mvua. Vuli ya 1997 iliyobomoa madaraja na barabara Kenya na Tanzania imebaki vinywani kama “mvua za El Niño”. Lakini mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa ya moto isivyo kawaida na ya upande wa Sumatra yalikuwa ya baridi. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa tena, serikali zikajiandaa kwa mafuriko ya 1997, na mvua ikawa pungufu ya ile iliyohofiwa. Tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2019, bila El Niño ya maana, tofauti hiyo ikawa kubwa mno na vuli ikafurika. Huku ni Bahari ya Hindi, kule ni Atlantiki na Aktiki, lakini swali la kumuuliza mtabiri ni lilelile: Pasifiki imesema, huyu mwingine anasemaje?

Wakati Washington inachimba njia, familia ya Seneta James Inhofe ilijenga nyumba ya barafu karibu na Bunge na kuiwekea bango lililoitaja kuwa makao mapya ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani aliyekuwa akionya juu ya dunia kupata joto, kana kwamba theluji imeifuta hoja ya dunia kupata joto. Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu wengi walilipokea kama ushahidi. Mwaka uleule wa 2010, kwa hesabu za NASA, ulimalizika ukiwa sawa na 2005 kama mwaka wenye joto kuliko yote iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo. Vancouver iliyokosa theluji na Kanada iliyokosa baridi zilikuwa kwenye ramani ileile. Na kuna upande wa pili ambao nao sitauficha: waliosema dhoruba zile ndizo uthibitisho wa ongezeko la joto walikuwa wanaruka hatua kadhaa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hilo ni fizikia ya kawaida, lakini kilichoipa Washington sentimita 142 msimu ule kwanza kabisa ni kukutana kwa njia ya kusini na kizuizi cha kaskazini.

Watabiri, kwa haki yao, walilisema hili mapema. Mwelekeo wa msimu uliotolewa na NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, Oktoba 2009 uliitaja El Niño kuwa ndiyo itakayotawala, ukatarajia joto magharibi na hali ya unyevu kusini. Kwa kaskazini-mashariki haukuahidi kitu. Ulieleza kwamba huko hali ya Atlantiki na Aktiki ndiyo yenye kauli, na kwamba hiyo hutabirika takriban wiki moja tu mbele. Watu wengi husoma sentensi kama hiyo na kuona mtaalamu anakwepa. Mimi naisoma kama sentensi bora kuliko zote katika taarifa ile, kwa sababu ilitaja wazi ni nusu ipi ya jibu iliyokuwa mkononi. Nusu nyingine ilikuja kwa wakati wake: dhoruba ya tarehe 5 Februari ilionekana kwenye modeli za kompyuta siku kadhaa kabla, tahadhari zikatolewa, na rafu za mikate na maziwa madukani zilikuwa tupu kabla chembe ya kwanza haijaanguka.

Mkutano wa maji na baridi haulazimiki kudumu msimu mzima. El Niño ya 2015–2016 ilikuwa na nguvu kama ya 1997, na Desemba 2015 ilipita Washington ikiwa na joto la kuvunja rekodi. Wengi walikwishahesabu msimu wa 0.1 nyingine. Katikati ya Januari hali ya Aktiki ikawa hasi kwa muda mfupi, baridi ikateremka, na kati ya tarehe 22 na 24 dhoruba moja ya kusini ikaikuta pwani. Baltimore ilipima inchi 29.2, dhoruba kubwa kuliko zote katika kumbukumbu zake. Reagan ilipima inchi 17.8, kiasi kilekile cha dhoruba ya Februari 2010, kati ya jumla ya 22.2 kwa majira yote.